Fimie Hapana

Asubuhi zetu hapa Toongabbie, mtaa wa Sydney, zinafanana. Baba hutoka kabla hakujapambazuka kwenda ghalani Ingleburn, anakofanya kazi. Mama hurudi kutoka zamu ya usiku hospitalini wakati mimi na mdogo wangu Bridget tunakunywa chai. Huvua viatu mlangoni, hutuuliza kama tumekula, halafu hupita nyuma ya nyumba kuangalia sukumawiki zake, maana anasema hawezi kupata usingizi bila kuziona. Bridget humjibu kila kitu kwa Kiingereza, hata ukimsemesha Kiswahili mchana kutwa.

Mimi, Kawira, nilikuwa na miaka kumi na miwili mambo haya yalipotokea, na nilijiona bingwa wa Kiswahili. Kanisani wazee walinisifu kwamba watoto wengi wa Sydney wamekipoteza, lakini Kawira bado anacho. Sifa zile zilinipanda kichwani. Nawaambia mapema ili mjue kosa langu lilianzia wapi.

Jirani yetu alikuwa Mzee Mushagalusa, Mkongo kutoka Bukavu, mwenye miaka sabini na minne. Kiswahili chake si kama chetu cha Kenya. Kwake mtoto ni "mutoto", mti ni "muti", na katikati ya sentensi hupenyeza Kifaransa bila kukuomba ruhusa. Maneno yake mengi niliyaelewa. Yale nisiyoyaelewa niliyaitikia tu, "ndiyo, Mzee," nikaendelea na safari yangu ya shule.

Mbele ya nyumba yake, karibu na ua, ulisimama mti wa banksia. Ni mti wa asili wa pande hizi. Majani yake ni membamba na mafupi, na maua yake husimama wima, ya rangi ya chungwa, manene na marefu kama hindi lililomenywa. Mke wake, Mama Verdiane, aliupenda kwa sababu hiyo. Walipofika Australia wakitoka kambi ya wakimbizi, Mzee alipata kazi katika kitalu cha miche ya kienyeji. Siku ya kwanza mama yule alipoyaona maua hayo alicheka, akasema kumbe hata huku Mungu ameotesha muhindi, yaani mahindi. Akaupanda mti huo kwa mikono yake. Mama Verdiane alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya mambo haya, na kila asubuhi nilimsikia Mzee akiuamkia mti ule kama anavyomwamkia mtu.

Ua la banksia likikauka hubaki tunda gumu kama gunzi. Mama Verdiane alimpa Bridget magunzi matatu ya kuchezea. Bridget alikuwa amewaona akina mama wakiuza mahindi ya kuchoma barabarani tulipokwenda Meru kumtembelea Nyanya, basi yeye naye alipanga magunzi yake juu ya sanduku la karatasi alilolifanya jiko, akayapepea, akatangaza bei. Huo ndio mchezo pekee aliocheza kwa Kiswahili.

Siku moja mwezi wa Machi, nilimkuta Mzee ameshika tawi la mti wake.

"Mutoto yangu," akaniambia, "nyumba wameuza. Mwenyewe mupya anavunja, anajenga mbili. Mimi naenda Campbelltown, kwa Marie-Jeanne."

Marie-Jeanne ni binti yake. Anakaa ghorofani, na ana kibaraza tu.

"Na mti?" nikauliza.

"Watang'oa."

"Tuuhamishie kwetu!"

Akatikisa kichwa. "Muti muzee kama huu, ukigusa mizizi yake, anakufa. Lakini watoto wake tunaweza kuokoa. Ngoja nikuonyeshe."

Jumamosi ile tulikata vipandikizi vinane. Mzee alichagua ncha za matawi, zisizo laini sana wala ngumu sana, kila moja urefu wa kiganja changu. Aliondoa majani ya chini, akachovya ncha zao za chini katika unga wa kuchochea mizizi, akavichomeka katika vyungu vya plastiki vyenye mchanga. Kila chungu tukakifunika kwa chupa ya soda iliyokatwa kitako, ili unyevu usitoroke. Tukavipanga nyuma ya nyumba yetu, ukutani penye kivuli.

Nikiwa namsaidia nilimwonyesha picha ya shamba la Nyanya kwenye simu ya Mama. Mzee aliinua miwani, akaguna kwa mshangao.

"Hii miti ya mupaka ni nini?"

"Migrivea. Kwetu iko kila shamba."

"Weee! Hiyo ni miti ya huku! Walipeleka kwenu zamani. Mugrivea ni ndugu ya banksia, kabisa." Nilifurahi kana kwamba nimeambiwa tuna undugu sisi na yeye.

Mzee alikuwa anakwenda kupasuliwa goti, na baada ya hapo angekaa moja kwa moja kwa binti yake. Vipandikizi haviwezi kusafirishwa vikiwa vinatafuta mizizi, na mizizi huchukua miezi miwili au zaidi. Ndiyo sababu akanikabidhi mimi. Alinishika bega, akazungumza polepole.

"Sikiliza vizuri. Maji kidogo, asubuhi. Jua kali, hapana. Na fimie hapana. Hata kidogo. Umesikia?"

Neno "fimie" sikuwahi kulisikia maishani. Ningefungua kinywa niulize, mambo yangekwisha pale pale. Lakini mimi, bingwa wa Kiswahili, niulize maana ya neno? Nikajiambia amesema "finye", yaani nisifinye vile vijani kwa vidole. Si inaeleweka?

"Ndiyo, Mzee. Nimeelewa."

"Na kitu ya mwisho. Wakianza kufa, uniambie siku ile ile. Muti iko hapa mpaka mwisho ya mwezi wa tano. Nitakuja, tutakata vingine. Lakini muti ikitoka, ni kwisha."

Hilo nililisikia vizuri, neno kwa neno. Nikiri kabisa, hapo sina pa kujifichia.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtoto wa mfano. Nilivinyunyizia maji kabla ya shule, na wala sikufinya hata jani moja. Mzee alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Wanaendelea aje?" "Wazima, Mzee." Ilikuwa kweli, ila havikuwa vikikua. Vilisimama tu, vilevile, siku baada ya siku. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Jioni moja Nyanya alipiga simu kutoka Meru, nikamweleza habari za vipandikizi na undugu wao na mgrivea. Nyanya akacheka.

"Sasa unawapa maji matupu? Hao unawalaza njaa, mtoto wangu. Mgrivea wangu wa kwanza niliutia samadi, ukampita baba yako urefu kabla hajaanza shule. Watie samadi!"

Mama alikuwa na gunia la mbolea ya kuku kwa ajili ya sukumawiki zake. Kesho yake niliweka ukufi mzuri katika kila chungu, nikanyunyizia maji, nikarudisha chupa. Nilijiona nimewafanyia karamu. Tena nilipanga kumshangaza Mzee, nisimwambie mpaka vichipue.

Siku ya nne ncha za majani zilikuwa za kahawia. Siku ya nane vipandikizi vitano vilikuwa vimekauka kabisa. Kufikia Ijumaa hakikubaki hata kimoja. Nilichuchumaa pale ukutani nikitazama vijiti vinane vilivyokufa.

Jumapili simu ililia. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Haki ya Mungu nilikuwa nimejiandaa.

"Mutoto yangu! Goti inauma, lakini nikifikiri wale watoto nane, napata nguvu. Wanaendelea aje?"

"Wazima, Mzee," nikasema.

Uongo ule ulitoka kirahisi mno, kisha ukanidai mwingine. Mama hupita pale kila asubuhi, angeona vijiti vikavu. Basi niliruka ua nikaingia kwa Mzee, ambako hakukuwa na mtu tena, nikakata ncha nane mbichi za ule mti, nikazichomeka katika vyungu vilevile vyenye samadi. Kwa nje ya chupa zilionekana kijani kabisa. Baada ya wiki zikanyauka, nikakata nyingine. Wiki iliyofuata nyingine. Nilikuwa nimeshika mikononi dawa yenyewe, matawi mabichi ya mti wenyewe, na nilichofanya nayo ni kuficha aibu yangu. Ningemwambia Mzee siku yoyote kati ya zile, tungeanza upya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Katikati ya mwezi wa Mei aliniuliza jambo ambalo nilifikiri angeuliza mapema zaidi.

"Kawira, nimwombe Marie-Jeanne anilete? Nikate vingine kidogo, kama akiba? Muti bado iko?"

"Iko, Mzee. Lakini usijisumbue na goti lako. Hawa wanatosha."

"Asante, mutoto yangu. Mungu akubariki." Baraka ile ilinichoma, nikakimbilia chooni kulia.

Tingatinga lilikuja Jumatano ya mwisho wa mwezi. Banksia ilikuwa imechanua, maua ya chungwa mti mzima, na wale ndege wa midomo mirefu walikuwa wakiruka juu yake kunywa utamu. Nilipotoka kwenda shule mti ulikuwepo. Niliporudi, palikuwa na udongo mtupu na alama za minyororo ya tingatinga. Ndege wawili walikuwa bado wamekaa kwenye waya wa umeme.

Jumamosi Mzee akaja na gari la Marie-Jeanne, ambaye alimshusha akaenda dukani. Alikuwa na mkongojo mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Alisimama kwanza kwenye ua, akatazama kiwanja kitupu kwa muda mrefu. Kisha akajikaza, akatabasamu.

"Haizuru," akamwambia Mama. "Watoto wake wako."

Tukamfuata nyuma ya nyumba. Mzee aliinama kwa shida, akainua chupa ya kwanza, akashika kijiti na kukivuta kidogo, kama afanyavyo mtu wa kitalu akitaka kujua kama mizizi imeshika. Kikatoka chote mkononi mwake. Chini kilikuwa cheupe, kimekatwa kwa kisu, hakina hata unywele wa mzizi.

Akavuta cha pili. Cha tatu. Akanigeukia.

"Hiki umekata lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Jumanne," nikasema.

"Jumanne muti ilikuwa bado."

"Ndiyo, Mzee."

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Mzee akachukua udongo kidogo, akaunusa, uso wake ukabadilika.

"Fimie," akasema. "Nilisema fimie hapana."

"Mzee," nikauliza, nikilia sasa bila kujizuia, "fimie ni nini?"

Alinitazama kama mtu asiyeamini masikio yake. "Fimie! Mavi ya kuku, ya ng'ombe. Ile mnatia katika shamba."

"Samadi," Mama akasema kwa sauti ndogo. "Anasema samadi, Kawira. Ulimwambia umeelewa?"

Nikawasimulia yote: neno nililolikisia, ushauri wa Nyanya, vijiti vilivyokufa, Jumapili zote zile. Sikubakiza kitu. Nilipomaliza, Mzee alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka kikapu chake kitupu miguuni.

"Neno, hapana shida," akasema hatimaye. "Mimi pia nilikosa, ningekuuliza kama unalijua. Udongo ya huku ni maskini, na miti hii imezoea kula kidogo. Fimie ya kuku kwao ni sumu. Nyanya yako hakujua, mugrivea wake amezoea kwenu. Na kufa? Vipandikizi vinakufa. Mimi miaka kumi na tano kitaluni, vimekufa mkononi mwangu vingapi!" Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini nilikuuliza kila Jumapili, Kawira. Kila Jumapili. Ningekuja na goti hii hii."

Ningependa anifokee, ingekuwa nafuu. Mama ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Mimi hospitalini daktari akisema neno nisilolijua, nauliza. Nauliza hata mara tatu, na wengine wananicheka. Nikiitikia tu ili nionekane najua, mgonjwa anaweza kufa. Na nikikosea, nasema saa ile ile, kwa sababu saa ile ile ndiyo bado kuna la kufanya. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Umenielewa?"

Niliyapitia maneno yake moja moja kwanza. "Nimekuelewa."

Wakati huo Bridget alitokea jikoni na magunzi yake, hana habari ya kilichotokea. Alipomwona Mzee amejiinamia, akafanya anachojua. "Mahindi moto! Mahindi, mzee wangu, chukua moja, bure!" Akamwekea gunzi mkononi.

Mzee alilipokea ili kumridhisha mtoto. Kisha akaligeuza. Akalisogeza karibu na macho, akapapasa vile vifuko vidogo vilivyojaa ubavuni mwake, vyote vimefumba.

"Nani alikupa hii?"

"Mama Verdiane," akasema Bridget. "Ni za kuchoma."

"Ni za kuchoma," Mzee akarudia. Akatueleza kwamba banksia ya aina hii hufungia mbegu zake ndani ya gunzi miaka mingi, haifungui mpaka msitu uungue. Bila moto, hakuna mtoto. Bridget alikuwa amezichoma mwaka mzima kwenye jiko la sanduku, kumbe zilihitaji jiko la kweli.

Mama akawasha oveni. Tuliyaweka magunzi matatu kwenye sinia, saa nzima, nyumba ikanukia moshi wa kuni. Tukayatumbukiza katika maji, kisha tukayaacha yakauke. Alasiri vifuko vilianza kuachama kimoja kimoja, na Mzee akazitoa mbegu kwa kibanio cha nyusi cha Mama: nyeusi, bapa, zenye ubawa mwembamba. Kumi na tisa. Nilianza kuruka kwa furaha, yeye akaniinulia kidole.

"Usifikiri tumeurudisha. Kipandikizi ni muti ule ule wa Verdiane. Mbegu ni mutoto wake tu, atakuwa na sura yake mwenyewe. Na kuona maua ni miaka tano, sita. Mimi sijui kama nitaona." Alisema hivyo kwa upole, na ndiyo maana siwezi kusahau.

Tulizipanda katika trei moja, kwenye mchanga safi. Nilidhani angeondoka nayo. Akanikabidhi mimi.

"Mzee, baada ya haya yote?" Mama akauliza.

"Kibaraza ya Marie-Jeanne haina jua," akajibu. Kisha akanitazama. "Maji kidogo, asubuhi. Jua la dirishani, ndiyo. Fimie?"

"Samadi hapana," nikasema. "Mbolea yoyote, hapana. Hata Nyanya akisema."

Wiki ya sita iliota miche minne. Kati ya mbegu kumi na tisa, minne tu, kila mmoja na majani mawili madogo ya mviringo. Nilimpigia simu Jumapili nikamwambia. Akasema vizuri, lakini kwa sauti ya mtu anayesubiri kuona, na sikumlaumu. Kila Jumapili niliposema "wazima, Mzee," nilisikia kimya kifupi upande wa pili.

Mwezi wa Agosti, Jumatatu asubuhi, nilikuta mche mmoja umelala. Shina lake lilikuwa limeoza chini. Nilikuwa nimezidisha maji wikendi ile, na nilijua. Mama alikuwa bado hajarudi, Baba ameshakwenda, na Bridget hawezi kutofautisha mche na nyasi. Nilisimama dirishani nikiwa na kinyunyizio mkononi. Jumapili ilikuwa mbali. Nilichukua simu ya nyumbani, nikapiga.

"Mzee, ni Kawira. Mmoja amekufa. Nilitia maji mengi. Ni kosa langu."

Kile kimya kikaja, kirefu kuliko vyote. Nilifumba macho nikisubiri.

"Na wale watatu?" akauliza.

"Wazima, Mzee."

"Asante, mutoto yangu," akasema. "Leo nimeamini hao watatu."